Mali Bila Daftari: Hesabu ya Timu ya Besiboli ya Chuo

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo aghalabu hutajwa dukani, penye kinu cha kusagia unga, au siku ya mshahara wakati mume na mke wanapoketi kuzigawa fedha za mwezi. Ni nadra kuusikia uwanjani. Walakini katika mambo yote yanayowatoa vijana wa kiume nyumbani kwao, hakuna lihitajilo daftari kuliko timu ya michezo ya chuo. Mali inayotiwa humo si mipira na magongo tu. Ni mtoto wa mtu, pamoja na miaka yake ya kusoma, ambayo ikishapita hairudi.

Nyakiriba, katika wilaya ya Rubavu, ni nchi ya vilima. Mashamba ya viazi na maharage yameparamia miteremko, na kipande cha ardhi kilicho sawa kina thamani kubwa. Ukiteremka kuelekea Gisenyi na ziwa Kivu, mchezo unaojulikana na kila mtoto ni mpira wa miguu. Wilaya hiyo peke yake ina timu mbili zenye jina, Etincelles na Marines, na hiyo ya pili ina uhusiano wa siku nyingi na jeshi. Besiboli huko ni jambo geni.

Basi chukulia nyumba ya askari mmoja wa Nyakiriba. Mwanawe amemaliza shule ya sekondari kwa matokeo mema, na jioni moja aingia na habari. Chuo fulani kinakusanya vijana wa kuanzisha timu ya besiboli, na kocha amemwona jinsi anavyorusha mawe.

"Mama," asema kijana, "kocha amesema nikijiunga na timu, karo si tatizo tena."

Mama ashukuru Mungu. Baba, ambaye amekula miaka mingi jeshini, auliza neno moja tu: "Imeandikwa wapi, mwanangu?"

Swali hilo si la ukali, wala si la mzazi asiyependa michezo. Ndilo swali ambalo kila mwenye kijana katika timu ya chuo anapaswa kuliuliza mara tatu, kwa kuwa timu ya namna hiyo husimama juu ya madaftari matatu: daftari la watu, daftari la fedha, na daftari la masomo. Likikosekana moja, mengine mawili hayachukui muda kuanguka.

MCHEZO WENYEWE

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, besiboli huchezwa na watu tisa dhidi ya tisa. Mrushaji husimama juu ya kichuguu kidogo, umbali wa mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji. Mpigaji akiupata mpira kwa gongo lake, hukimbia kupitia vituo vinne vilivyopangwa kama pembe za mraba, mita 27.43 toka kimoja hadi cha pili. Akifanikiwa kurudi alikoanzia, timu yake hupata alama moja.

Kwao hasa ni Marekani, na huko vyuo vimeufanya kuwa kazi kamili. Fainali za vyuo vikubwa zimekuwa zikichezwa katika mji wa Omaha tangu mwaka 1950. Timu moja ya chuo cha daraja la juu inaweza kucheza michezo 56 kwa msimu mmoja, kuanzia Februari hadi Mei, yaani michezo minne kwa juma, wakati wanafunzi wengine wako darasani. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, kijulikanacho kwa herufi za NCAA, kimeandika kanuni nyingi kuhusu jambo hili, na baadhi yake ziliandikwa baada ya vijana kuumia. Mtu anayeanza leo hana haja ya kuumia kwanza ndipo ajifunze.

DAFTARI LA WATU

Askari yeyote anajua kwamba kikosi hakiongozwi na mtu mmoja anayefanya kila kitu. Mwenye kushika bohari si mwenye kushika zamu za ulinzi, na mwenye kutibu majeruhi si mwenye kulipa mishahara. Hivyo ndivyo ilivyo katika timu. Makosa ya kwanza ya timu nyingi changa ni kumpata mwalimu mmoja mwenye moyo, kisha kumtwika ukocha, utunzaji wa vifaa, kushika fedha, kuandika barua na kusuluhisha ugomvi. Mtu huyo hufanya kazi kwa bidii mwaka wa kwanza, huchoka mwaka wa pili, na mwaka wa tatu hupata kazi mahali pengine. Akiondoka, timu huondoka naye, kwani yote yalikuwa kichwani mwake.

Timu ya chuo inahitaji watu watano hata kama ni maskini: kocha mkuu, msaidizi anayewashughulikia warushaji na wadakaji, mtunza vifaa, mtu wa huduma ya kwanza, na mwalimu mmoja wa chuo ambaye kazi yake ni masomo ya wachezaji tu. Huyo wa mwisho asiwe chini ya kocha. Akiwa chini yake, siku atakayomzuia mchezaji bora asisafiri kwa sababu ya mtihani, atanyamazishwa. Fedha nazo zishikwe na mhasibu wa chuo, si na kocha, hata kocha akiwa mwaminifu kama maji ya kisima. Mwaminifu hulindwa na daftari sawasawa na jinsi mwizi anavyokamatwa nalo.

Jambo la pili katika daftari la watu ni malipo. Huko Marekani, kwa miaka mingi, kanuni ziliruhusu timu kubwa za besiboli kuwa na kocha mkuu, wasaidizi wawili wa mshahara, na mmoja wa kujitolea. Huyo wa kujitolea alifanya kazi sawa na wenzake kwa siku nyingi bila mshahara wa chuo. Hatimaye makocha wa namna hiyo walikwenda mahakamani, na tangu Julai mwaka 2023 nafasi hiyo ya kujitolea ilifutwa ikawa ya msaidizi wa kawaida anayeweza kulipwa. Si haramu mtu kujitolea. Lakini iandikwe anajitolea siku ngapi, saa ngapi, na nauli yake inatoka wapi. Kazi isiyoandikwa huzaa manung'uniko, na manung'uniko ya kocha huishia mgongoni mwa mchezaji.

Jambo la tatu ni mkono wa mrushaji. Katika besiboli hakuna kiungo kinachodhulumiwa kama kiwiko na bega la kijana anayerusha vizuri, kwani kila kocha apendaye kushinda humrudisha uwanjani tena na tena. Miongozo iliyotolewa na wakuu wa mchezo huo Marekani inasema kwamba kijana wa miaka 17 au 18 asirushe zaidi ya mara 105 kwa siku, na wa miaka 19 hadi 22 asizidi mara 120. Aliyerusha kati ya mara 61 na 80 apumzike siku tatu kabla ya kurusha tena mchezoni. Hesabu hiyo haifanywi kwa macho. Ni lazima mtu aketi pembeni na kalamu, atie alama kila mrusho, na aandike jina na tarehe. Mzazi akifika uwanjani asimwone mtu huyo, ajue kwamba mkono wa mwanawe unatumiwa bila hesabu.

Mfano ulio karibu unatoka Tanzania. Huko besiboli ya shule ilianzishwa tangu mwaka 2012 kwa juhudi za Mjapani Shinya Tomonari, aliyekuwa mfanyakazi wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano. Hawakuanza kwa kutafuta nyota. Walianza shuleni, na nguzo walizoziweka mbele ya vijana ni tatu: nidhamu, heshima na haki. Mashindano yao ya shule yanaitwa Koshien, kwa jina la uwanja maarufu wa Japani ambako vijana wa sekondari hushindana, na mwaka 2018 uwanja wa besiboli ulikamilika katika Shule ya Sekondari Azania mjini Dar es Salaam. Vijana hufundishwa kuinama kwa wapinzani kabla na baada ya mchezo, na kuufagia uwanja wenyewe. Familia za askari hazitaona ajabu katika hilo, kwani usafi wa kambi haukuwahi kungoja fedha.

DAFTARI LA FEDHA

Mchezo wa mpira wa miguu wahitaji mpira mmoja. Besiboli yahitaji zaidi, na hapo ndipo mipango mingi inapokufa. Kila mlinzi wa uwanja huvaa glavu ya ngozi mkono mmoja. Ya mdakaji ni nene kuliko zote, naye huongezewa kinyago cha chuma, kinga ya kifua na kinga za miguu. Mpigaji na wakimbiaji huvaa kofia ngumu. Yote hayo yana gharama, lakini mwenye akili ya nyumba huanza kwa kuhesabu yaliyo ya lazima.

Chukua kofia ngumu. Kwa wakati mmoja kunaweza kuwa na mpigaji mmoja, wakimbiaji watatu vituoni, na mmoja anayesubiri zamu. Kwa hiyo kofia tano zatosha kuanzia. Timu ya watu 20 haihitaji kofia 20. Chukua glavu. Timu inayopiga haivai glavu, hivyo timu mbili maskini zinaweza kuchezea seti moja ya glavu tisa, upande mmoja ukizivua mwingine ukizivaa, ilimradi awepo anayerushia kwa mkono wa kushoto akumbukwe na yake. Chukua magongo. Gongo la mti huvunjika. La alumini hudumu. Vyuo vya Marekani viliruhusiwa kutumia magongo ya alumini mwaka 1974, na sababu kubwa ilikuwa gharama ya yale yaliyovunjika. Chuo chenye fedha kidogo kisione haya kufuata hesabu ileile.

Linalomaliza fedha polepole ni mipira. Mpira wa besiboli una uzito wa gramu 142 hadi 149, umefunikwa ngozi iliyoshonwa kwa nyuzi nyekundu. Ngozi hiyo haipendi maji, na Rubavu ni nchi ya mvua. Mpira ukilala usiku mmoja katika majani mabichi, asubuhi umekuwa mzito na mshono umeanza kuachia. Tena uwanja kamili wahitaji kiasi cha mita 100 kutoka kwa mpigaji hadi mpaka wa pembeni, na zaidi ya hapo katikati. Katika vilima vya Nyakiriba, penye mita 100 za sawa ni lazima pawe na shamba la mtu mpakani. Mpira utatua kwenye viazi, vijana watauingilia, na maharage yatakanyagwa. Basi katika bajeti ya timu uwemo mstari wa fidia ya mazao, uwe mdogo namna gani, na mwenye shamba aambiwe mapema. Timu isiyokuwa na ujirani mwema haitakaa mahali pale misimu miwili.

Kila siku ya mazoezi mtunza vifaa aandike: mipira iliyotoka ni 20, iliyorudi ni 17, mitatu iko wapi? Jeshini mtu hakabidhiwi hata koleo bila kutia saini. Vivyo hivyo glavu ipewe namba, na mchezaji atie saini. Hayo si mambo ya kumshuku kijana. Ni kumfundisha kwamba kitu cha umma kina mwenyewe.

Baada ya vifaa yaja mambo matatu ambayo wengi huyasahau: nauli, chakula na matibabu. Michezo ya ugenini humeza fedha kuliko magongo. Kijana aliyetoka Rubavu alfajiri kwenda kucheza Kigali lazima ale mchana, na akirudi usiku lazima ale tena. Ikiwa bajeti haina chakula hicho, kitatoka mfukoni mwa mama. Na akivunjika kidole, ni nani alipaye? Kila nyumba, iwe na Mituweli au bima ya MMI ya wanajeshi, iulize kabla ya msimu kama jina la kijana bado limo katika bima na kama ada imelipwa, isingoje kuulizwa mlangoni pa hospitali.

Sasa lije lile neno la kocha kwamba karo si tatizo tena. Hapa msomaji atulie kidogo afanye hesabu. Katika vyuo vikubwa vya Marekani, kwa miaka mingi hadi msimu wa 2025, timu nzima ya besiboli ilikuwa na ufadhili kamili wa watu 11.7 tu. Kwa miaka kadhaa kikosi kilikuwa na wachezaji 35, na waliogawiwa fungu hilo wasingeweza kuzidi 27. Gawanya 11.7 kwa 27. Kila mmoja apata wastani wa asilimia 43 hivi. Maana yake, kijana aliyetangaziwa kijijini kwao kwamba amepata ufadhili wa besiboli, aghalabu alikuwa amepata chini ya nusu ya gharama, na wanane wa mwisho hawakupata kitu. Nyumba ilibaki kutafuta sehemu 57 katika kila 100. Tangu msimu wa 2025 hadi 2026, vyuo vilivyoingia katika mapatano mapya ya mahakama vimewekewa kikomo cha wachezaji 34, na ule mpaka wa 11.7 umeondolewa, lakini kuruhusiwa kutoa si sawa na kuwa na fedha za kutoa.

Kadhalika, kwa muda mrefu, mpaka mwaka 2012, kanuni za vyuo hivyo hazikuruhusu kumwahidi mchezaji ufadhili wa zaidi ya mwaka mmoja kwa mara moja. Aliyevunjika mguu mwaka wa kwanza aliweza kujikuta mwaka wa pili hana kitu. Kwa hiyo mzazi wa Nyakiriba anapoahidiwa msaada wa karo, aulize mambo manne: ni sehemu gani ya karo, ni kwa miaka mingapi, je, utaendelea akiumia, na je, utaendelea kocha akiondoka? Majibu yote manne yakiwa kwa mdomo, msaada huo bado haujakuwapo.

DAFTARI LA MASOMO

Mshika mawili moja humponyoka. Kijana aliye katika timu ya chuo ameshika mawili kwa makusudi, na watu wazima walio juu yake ndio wenye wajibu wa kuangalia lisiponyoke lile lililo kubwa. Kubwa ni masomo. Hata Marekani, penye timu nyingi za kulipwa, wachezaji wa vyuo wanaofika kula mkate wa besiboli ni wachache mno. Wengine wote, wakivua glavu mara ya mwisho, hubaki na kile walichokipata darasani.

Ndiyo maana kanuni za huko zinahesabu saa. Wakati wa msimu, mchezaji hatakiwi kuzidisha saa 20 za mazoezi na michezo kwa juma, wala saa nne kwa siku, na siku moja kwa juma ni ya mapumziko kamili. Mchezo wenyewe, hata ukiendelea saa nne, huandikwa kuwa saa tatu. Nje ya msimu saa hushuka hadi nane. Watu wanalalamika kwamba saa za safari hazimo katika hesabu hiyo, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini hata hesabu yenye tundu ni bora kuliko timu inayofanya mazoezi mpaka kocha achoke.

Maendeleo ya masomo nayo yana ngazi. Katika vyuo hivyo vya daraja la juu, mchezaji anayeingia mwaka wa tatu awe amekwisha kukamilisha asilimia 40 ya shahada yake, mwaka wa nne asilimia 60, na wa tano asilimia 80. Ngazi hizo ziliwekwa ili kuzuia hila ya zamani ya kumwandikisha kijana masomo mepesi mepesi yasiyofika popote, ili mradi aruhusiwe kucheza. Tena timu nzima hupewa alama kwa kadiri wachezaji wanavyobaki chuoni na kufaulu. Kamili ni 1000, na timu iliyo chini ya 930 yaweza kuzuiwa kucheza fainali. Kwa njia hiyo uvivu wa mmoja darasani huwa hasara ya wote uwanjani, nao wenzake humwamsha wenyewe.

Yote hayo yaweza kufanywa katika chuo chochote kwa karatasi moja. Mwanzoni mwa muhula, ratiba ya mitihani ibandikwe kwanza, kisha ratiba ya michezo ipangwe kuizunguka, si kinyume chake. Kila mwezi mwalimu wa masomo aandike mahudhurio na alama za kila mchezaji, na nakala moja iende nyumbani. Aliyeanguka masomo mawili asisafiri na timu hadi ayainue, hata akiwa ndiye mrushaji bora. Kocha atakayeshinda mchezo mmoja pungufu kwa sababu hiyo amepata faida, kwani vijana wote waliobaki wamesoma kwa macho yao kwamba neno la chuo ni neno.

KARATASI ZA KIJANA MWENYEWE

Lipo jambo jingine dogo ambalo limewahi kuangusha timu nzima, nalo halikuwa na uhusiano wowote na kurusha wala kupiga. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walishinda kanda yao wakastahili kwenda Williamsport, Marekani, katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto. Ingekuwa mara ya kwanza kwa timu ya Afrika. Hawakwenda. Ubalozi uliwanyima viza kwa sababu karatasi za umri na tarehe za kuzaliwa hazikupatana. Watoto waliokuwa wamefanya mazoezi miaka mingi walikaa nyumbani, na Januari mwaka 2012 timu ya Langley kutoka Kanada, ambayo ingecheza nao, ilifunga safari mpaka Uganda kucheza nao huko. Waganda walishinda 2 kwa 1. Ushindi ulikuwa mtamu, lakini uwanja ulikuwa mwingine.

Mwaka uleule wa 2012 timu nyingine, ya Lugazi, ilifika Williamsport, ikawa ya kwanza kutoka Afrika. Mwaka 2015 Uganda ilirudi huko ikaifunga Jamhuri ya Dominika 4 kwa 1, nchi ambayo besiboli ni kama ibada. Na mwaka 2022 timu ya kulipwa ya Los Angeles Dodgers iliwaandikisha vijana wawili wa Uganda. Kipaji kilikuwapo tangu mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba watu wazima walijifunza kutunza karatasi.

Kwa Wanyarwanda jambo hili lina uzito wa pekee. Mtoto wa Kinyarwanda hupewa jina lake mwenyewe, si lazima lifanane na la baba yake, na mara nyingine jina la dini huandikwa mbele mahali pamoja na nyuma mahali pengine. Nyumbani hakuna asiyeelewa. Lakini karani wa nchi ya mbali, akiona baba na mwana wasioshirikiana jina, na cheti cha shule kilichopindua mpangilio, huweka faili kando. Basi mzazi alinganishe cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa ambacho hutolewa kuanzia miaka 16, vyeti vya shule na pasipoti, herufi kwa herufi, na kosa lirekebishwe sasa wakati hakuna haraka. Na kocha yeyote atakayependekeza umri upunguzwe kidogo ili kijana apate nafasi, huyo asipewe mtoto.

PA KUANZIA

Chuo kisicho na uwanja wala fedha kisife moyo. Tangu mwaka 2018 chama cha dunia cha mchezo huu kimeanzisha besiboli ya watu watano, iitwayo Baseball5. Haina gongo wala glavu. Mpira ni wa raba na hupigwa kwa mkono. Vituo viko mita 13 toka kimoja hadi cha pili, na eneo la mchezo ni mraba wa mita 18 tu. Mahali pa namna hiyo hupatikana hata Nyakiriba, nyuma ya darasa au penye ua wa kambi. Kanuni zake hutaka wanaume na wanawake wacheze pamoja, hivyo dada wa nyumba naye hatabaki kutazama. Kwa mpira mmoja wa raba na madaftari matatu, chuo kinaweza kujipima mwaka mzima: je, watu wanafika kwa zamu? Je, hesabu zinasomwa mbele ya wote? Je, alama za masomo zimepanda au zimeshuka? Chuo kilichoshindwa kutunza hesabu ya mpira mmoja kisiombe magongo.

Turudi katika ile nyumba ya askari. Jumapili baada ya ibada, mama achukua daftari la shule lililobaki kurasa, apiga mistari miwili toka juu hadi chini, na kupata safu tatu. Juu ya ya kwanza aandika watu, ya pili fedha, ya tatu masomo. Ampa mwanawe.

"Nenda nalo kwa kocha, baba," amwambia. "Mwambie wazazi wako wamefurahi. Ila wanaomba akuandikie humu."

Kijana aona haya kidogo, adhani ataonekana mtoto. Baba yake amtazama. "Mimi nimetia saini kwa ajili ya buti," asema. "Itakuwaje nisidai saini kwa ajili yako?"

Kocha mwema atakapoona daftari lile hatachukia. Atajua kwamba mchezaji huyu ametoka katika nyumba ya watu, na kwamba huko nyuma yake kuna macho mawili mawili yanayohesabu. Kocha atakayechukia naye atakuwa amejibu.